La Saba na Ra Saba

Kwa miaka miwili, kila Jumamosi saa nne asubuhi, shemeji yangu Bramwel Wekoye alisikia uongo ukisemwa juu yake na hakujibu neno. Asidhani mtu kwamba ni mpole. Wanaume wa nyumba hii hawakuumbwa na upole mwingi, na ninasema hivyo kwa heshima, maana niliolewa na kaka yake mkubwa, marehemu Wakoli, nikaishi naye miaka thelathini na minne bila kushinda ubishi hata mmoja. Bramwel hakujibu kwa sababu redio aliyokuwa ameunda kwa mikono yake ilikuwa na masikio tu. Mdomo ilikuwa bado.

Bramwel alizaliwa hapa Matulo, na kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, idara ya umeme. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walirudia miwa, wengine wakauza mitumba. Yeye aliweka meza mjini Webuye, akafunga mwavuli juu yake, akawa fundi wa redio. Simu zilipoingia, redio zikapungua, akageukia vipaza sauti vya makanisa. Hapa kwetu kipaza sauti kikipiga mlio katikati ya maombi, watu hufumbua jicho moja kumtafuta Bramwel. Naye huonyesha dirisha kwa kidole, maana yake ni upepo.

Katika idara ile ya umeme alikaa benchi moja na kijana mrefu kutoka Kitale, jina lake Kimeli. Wakawa marafiki wa kuazimana bisibisi na chakula. Baada ya miaka michache Kimeli alirudi kwao, akafungua duka la kutengeneza vyombo vya umeme karibu na soko la Kitale, lakini urafiki haukukatika. Walipozeeka kidogo walifanya pamoja mtihani wa leseni ya kuzungumza kwenye redio ya masafa, ile ambayo watu wasiojuana huitana kutoka mji hadi mji bila simu wala bando. Wote walipita. Cheti cha Bramwel kiko ukutani sebuleni kwake, katikati ya kalenda ya benki na picha ya harusi.

Kimeli alinunua redio iliyokwisha tengenezwa, akasimamisha mlingoti nyuma ya duka, na mwezi haukuisha akawa anazungumza. Bramwel alisema redio ya kununua ni kama ugali wa hotelini, unashiba lakini hujui nani aliusonga. Yeye angeunda yake. Binti yake Lorraine, ambaye ni muuguzi ng'ambo, alimtumia sanduku dogo lenye bodi ya kijani, vifurushi arobaini vya vipande vidogo kama mbegu za sukuma wiki, na kitabu cha maelezo. Kitabu kilisema redio hiyo hujengwa kwa sehemu mbili: kwanza sehemu ya kupokea, halafu sehemu ya kurusha. Sehemu ya kupokea ilimchukua miezi saba. Siku ilipoamka, sauti ya kwanza kuingia ilikuwa ya Kimeli. Bramwel alimtumia ujumbe kwa simu: "Nakusikia. Ngoja tu, nakuja."

Hapo ndipo Kimeli alipoanza. Mtu akijua rafiki yake anasikia na hawezi kujibu, majaribu ni makubwa. Jumamosi ile ile aliwasimulia wenzake wa hewani kwamba huyu Bramwel wa Matulo, anayekuja karibuni, ndiye aliyekalia keki ya harusi yake yeye Kimeli. Bibi mmoja wa Voi anayeitwa Nyambu alicheka mpaka sauti ikakatika. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Nyambu aliuliza, "Na yule wa keki amefika?" na Kimeli aliongeza kitu kidogo: mara keki ilikuwa ya ghorofa tatu, mara Bramwel aliketi mara mbili.

Mimi sikujua lolote mpaka mkutano wa akina mama wa kanisa, mwezi wa saba. Tulikuwa tumeoka keki za kuuza, na nilipotaka kuketi, Pauline, katibu wetu, alivuta kiti akakipapasa kwanza, halafu akasema kwa sauti ya huruma kwamba afadhali kuwa na uhakika, maana upande wa akina Wekoye kuna historia. Kaka yake Pauline ameoa Kitale na hupeleka pasi zake kwa Kimeli. Hivyo ndivyo hadithi ilivyoshuka kutoka hewani hadi kwenye mkutano wetu, mbele ya mke wa pasta.

Nilikuwa naibu mwalimu mkuu kwa miaka kumi na moja, na kabla ya hapo nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini. Sijazoea kupapasiwa kiti. Jioni hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa Bramwel na kumuuliza kama aliketi juu ya keki ya mtu.

Alizima redio kwanza. Halafu aliniambia yale ambayo hata mkewe, Nekesa, hakuwahi kuambiwa. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, harusi ya Kimeli na Linah, Kitale. Bramwel alikuwa amepewa kazi ya vipaza sauti. Keki ilikuwa imewekwa kwenye kiti katika chumba cha nyuma, imefunikwa kwa kitambaa cheupe, kwa sababu meza zote zilijaa zawadi. Bwana harusi aliingia kupumzisha miguu, akaona kiti chenye kitambaa kizuri, akafikiri ameandaliwa yeye.

"Kwa hiyo ni yeye," nikasema.

"Ni yeye, mulamwa. Yote."

Mulamwa ni jina letu la shemeji, na Bramwel hulitumia anapotaka niwe upande wake. Baba yake Linah, akaendelea, alikuwa mzee wa kanisa mkali ambaye hata asubuhi hiyo alikuwa bado hajamkubali Kimeli vizuri. Kimeli alishika kichwa akaanza kulia. Basi Bramwel alivua suruali yake akampa, yeye akavaa ile ya bwana harusi yenye sukari, akatoka nje akasema, samahani jamani, nimekalia keki. Watu walimcheka mchana kutwa. Mzee wa kanisa alimwombea.

"Nilisema ni mimi siku moja," Bramwel aliniambia. "Sikusema ni mimi maisha yote."

Nilimuuliza kwa nini asimpigie Kimeli simu akamkomesha. Akasema uongo uliosemwa mbele ya wasikilizaji wa Voi na Kericho haufutiki kwenye sikio la mtu mmoja. Lazima ujibiwe pale pale uliposemewa. Katika hilo nilimwona ana akili za kaka yake. Lakini muda ulikuwa umebaki mchache kuliko alivyotaka kusema. Kimeli alikuwa ametangaza kwamba anahamia Nairobi kwa mwanawe, kwenye nyumba za ghorofa ambapo mtu haruhusiwi kufunga hata waya wa kuanikia nguo. Mafundi wangekuja kuushusha mlingoti Jumamosi ya wiki ya tatu, saa sita mchana. Baada ya saa hiyo hewani kungebaki hadithi moja tu ya keki, na ingekuwa ya Kimeli.

"Kwani sehemu ya kurusha imebaki kiasi gani?"

Bramwel alikuna shingo. Imebaki yote, alisema. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, yule mtoto wa jicho, na ingawa kwa kioo cha kukuzia aliweza kuona mahali pa kulehemu na herufi nyeupe za bodi, maandishi madogo ya kitabu kile yalikuwa kwake kama sisimizi wamelala. Kwa mwaka mzima alikuwa amewaambia watu anangoja waya fulani.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilifika na miwani yangu, kalamu nyekundu na mto wa kuketia. Nekesa alitupa meza ya kulia chakula, akatuomba tu tusiichome. Tulipanga kazi hivi: mimi ningeshika kitabu na vifurushi, Bramwel angeshika bodi na chuma cha kulehemu. Kila kipande kina jina lake, herufi na namba, na jina hilo limeandikwa pia kwenye bodi mahali kinapokaa. Vile vijiti vidogo vya kupunguza umeme vimepewa herufi R, na koili, zile za waya wa kuzungushwa, zimepewa L. Yeye angetaja jina la mahali alipofikia, mimi ningempa kipande, nipige alama nyekundu kitabuni.

Juu ya kutaja herufi tulibishana kidogo. Bramwel alitaka tuziite kwa Kiingereza kama kiwandani. Mimi nilisema herufi huitwa kwa sauti yake, la, ma, na, ra, kama nilivyofundisha watoto elfu mbili ambao leo wengine ni madaktari. Alikubali. Nimesema wanaume wa nyumba hii ni wabishi, lakini Bramwel alisoma darasa la kwanza kwangu jioni, alipokuwa mtu mzima akitaka kuandika vizuri barua za kazi, na kuna kitu ndani yake ambacho hadi leo kikiniona kinakaa wima.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa huku kwetu Bungoma analijua na hakuna anayependa kuandikiwa. Midomo yetu huku haijaamua kati ya l na r. Mtu atakwambia anakwenda kurara, kwamba mvua imenyesha kwenye balabala, na hajui amesema nini. Mimi nilijiondolea tabia hiyo chuoni, kwa kazi. Bramwel hakupata nafasi. Yeye alisema rehemu, alisema koiri, na alipotaka L alisema "ra", alipotaka R alisema "la". Lakini alikosea kwa uaminifu, bila kubadilika, kwa hiyo haikutusumbua. Akisema "ra tatu", nilijua ni L ya tatu. Akisema "la kumi", nilimpa R ya kumi. Sikio langu lilikuwa likimgeuza kabla sijafikiri.

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Kuna pete nyeusi ndogo kama kifungo cha koti zinazozungushiwa waya wa shaba, na kitabu kinasema mara ngapi. Bramwel alizungusha, mimi nilihesabu kwa sauti, na Nekesa alipita na sinia akasema tunaonekana kama watu wanaosuka mtoto wa panya. Nilijifunza harufu ya risasi inapoyeyuka, na nilijifunza kwamba Bramwel anapolehemu hutoa ulimi nje upande wa kushoto. Kufikia wikendi bodi ilikuwa imejaa kama kitongoji. Nilianza kuota kuhusu Jumamosi. Nilimwambia Pauline, kwa njia ya kawaida tu, baada ya ibada, kwamba siku hiyo shemeji yangu atazungumza na Kitale kwa redio aliyoiunda mwenyewe, na kwamba kuna jambo dogo la kihistoria litakalosahihishwa. Alisema atakuja na kiti chake.

Kosa langu lilikuwa Jumatano ya wiki ya mwisho. Nilifikiria Bramwel akiwa hewani mbele ya Voi na Kericho, mbele ya Pauline, akijitetea kwa kusema "sikukaria keki". Moyo ulinishinda. Nilifunga kitabu nikasema leo hatulehemu kwanza, leo tunasoma. Nilimwonyesha ulimi unapogusa na unapotetemeka. Lala, rara, lori, rula, wali, wari. Alisema hawezi kufundishwa akiwa na wajukuu. Nikamwambia arudie. Akarudia saa nzima, jasho likimtoka, na Nekesa akaenda kucheka nyuma ya nyumba. Mwishoni niliona amechoka, nikamwachilia bila alama yoyote, nikiamini hakuna kilichoingia.

Mchana tuliendelea na kazi. Vilibaki vipande vichache. Tulipofika karibu na transista kubwa, ile inayosukuma sauti kwenda nje, Bramwel aliinamia bodi na kusema, "La saba." Nilimpa R ya saba, kijiti chembamba chenye mistari ya rangi. Kabla ya kukitia alisoma rangi kwa kioo, kama desturi: kahawia, nyeusi, nyeusi. Nikaangalia kitabuni, ni hivyo. Akakilehemu. Kisha akasema, "Ra saba." Nilimpa L ya saba. Koili zote nyingine zilikuwa pete, lakini hii moja ilikuwa kijiti pia, kinene kidogo tu, nayo ilikuwa na mistari. Kahawia, nyeusi, nyeusi. Kitabuni ni hivyo. Nikapiga alama mbili nyekundu, nzuri, zilizonyooka.

Ijumaa asubuhi tuliijaribu. Mahali pa waya wa nje Bramwel alifunga balbu ndogo ya tochi. Akanieleza kwamba redio ya namna hii hairushi kitu mtu akinyamaza, ila ukisema, nguvu inatoka kwa kipimo cha sauti yako, na balbu inang'aa pamoja na maneno. Alishika kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akasema, "Halo, halo, hapa Matulo." Balbu haikufanya lolote. Akasema tena kwa nguvu. Akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Balbu ilibaki kama jicho la samaki. Alipogusa ile transista kubwa aliruka na kutia kidole mdomoni.

Akazima. Tulipitia kila mahali kwa kioo. Hakuna lehemu iliyogusana, hakuna kipande kilichosahaulika, kila mstari kitabuni ulikuwa na alama yangu. Kufikia saa sita Bramwel aliacha kuinama. Alisema labda sehemu hiyo ilikuja ikiwa mbovu kutoka huko ng'ambo, labda ni macho yake. Halafu akasema kitu ambacho sikupenda kukisikia.

"Mwalimu, mwambie Pauline asije. Nimezoea kuwa mtu wa kusikia."

Nekesa alitandika chakula kwenye kona ya meza ambayo haikuwa na bodi. Mimi nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya kumwambia Pauline ambayo yasingekuwa uongo na yasingekuwa ukweli. Bramwel alinyoosha mkono.

"Nekesa, sogeza ugali," alisema.

Kijiko changu kilisimama. Miaka arobaini na mitatu nimekula na mtu huyu, kwenye harusi na matanga, na hajawahi hata siku moja kuomba ugali. Ameomba ugari.

"Bramwel, umesema nini?"

Aliangalia sahani kama aliyeshikwa. "Ugali."

"Tangu lini unasema ugali?"

"Tangu Jumatano, mwalimu. Si ulinifundisha? Nilikuwa naogopa utanipiga na hicho kitabu."

"Na ile la saba uliyoniomba?"

"La saba ni la saba. Koili."

Niliomba radhi kwa Mungu kimya kimya, halafu nikaomba kwa Bramwel kwa sauti, jambo ambalo ni gumu zaidi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametamka sawasawa, na mimi, mwenye vyeti, nilimgeuza kama kawaida. Alipotaka koili nilimpa kijiti cha kupunguza umeme, na alipotaka hicho nilimpa koili. Nekesa alituangalia mmoja baada ya mwingine. Alisema ameishi na mume huyu miaka thelathini na hajamwelewa vizuri, lakini hajawahi kumchoma kidole.

Tuliyeyusha lehemu ya vile viwili, tukavibadilisha mahali. Transista iliyopata moto ilitolewa pia, kwa bahati kwenye sanduku ilikuwepo ya akiba. Safari hii kila kipande nilikishika mwenyewe juu ya mahali pake, na tulitumia majina ya Kiingereza ya kiwandani. Saa tisa na nusu Bramwel alibonyeza kitufe tena. Hakusema halo. Alisema, polepole, akiniangalia mimi, "U-ga-li." Balbu ikang'aa mara tatu.

Usiku ule niliandika taarifa kwa herufi kubwa. Ilikuwa nusu ukurasa, Kiswahili safi, ikianza na tarehe ya harusi na kumalizia kwa kuwaomba wasikilizaji wazingatie marekebisho. Asubuhi nilimpa Bramwel, naye akaisoma kwa kioo chake, akasema ni nzuri sana, akaitia mfukoni.

Saa nne kasorobo Pauline alikuwa ameketi. Waya wa nje ulikuwa umefungwa kutoka paa hadi kwenye mkaratusi wa mpakani, na Nekesa alikuwa ametoa mashuka mawili ambayo jirani aliyaanika juu yake kwa nia njema. Saa nne kamili sauti ya Kimeli iliingia ikisalimia watu wote, ikisema leo ni siku ya mwisho, mafundi wamekwisha fika na ngazi, amewapa chai kwanza.

Bramwel alibonyeza kitufe. Miaka miwili ya majibu ilikuwa imebanana mlangoni. Nilimgusa bega.

"Kimeli. Hapa Bramwel, Matulo. Unanisikia?"

Halafu: "Rudia."

"Hapa Bramwel, Matulo. Unanisikia?"

"Rudia tena."

"Kimeli, unanisikia ama hunisikii?"

"Nakusikia kama uko jikoni kwangu. Nilitaka tu kusikia tena."

Bramwel alivua miwani akaifuta na shati. Mara Nyambu wa Voi akaingia, sauti yake nyembamba na ya furaha. Alisema karibu hewani, bwana wa Matulo, tumekungoja muda mrefu, na sasa tuambie mwenyewe, ni wewe uliyekalia keki?

Pauline alisogeza kiti mbele. Nilimwonyesha Bramwel mfuko wake kwa macho. Akatoa karatasi yangu, akaikunjua juu ya meza, akaweka kioo juu yake. Lakini kabla hajabonyeza, Kimeli alirudi na kusema jibu usiogope, hata Linah yuko hapa leo, ameleta kiti, anasema salamu kwa shemeji Bramwel.

Niliona uso wa Bramwel ukibadilika. Aliitazama karatasi. Halafu aliikunja, mara moja, mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Ndiyo, mama wa Voi," alisema. "Ni mimi niliyekalia keki. Ilikuwa laini sana."

Sikuamini masikio yangu. Wiki tatu za kuzungusha waya, jina la nyumba nzima liko mezani, na mtu anasema ilikuwa laini. Tena alilisema vizuri, kila l mahali pake. Pauline alinong'ona, "Kumbe ni kweli," na nilitamani sakafu ifunguke. Bramwel hakuniangalia. Upande wa Kitale hakukusikika kitu, wala Nyambu hakucheka. Bramwel akaanza kuchungulia nyuma ya redio.

Aliyekuja hewani hakuwa Kimeli.

"Shemeji, ni Linah. Wacha kudanganya watu wa Voi. Mimi niliingia kanisani na bwana wa suruali ya kijivu, nikacheza muziki na bwana wa suruali nyeusi imeishia hapa, juu ya soksi. Mlifikiri naangalia maua?"

Kitufe cha Kitale kilikuwa bado kimebonyezwa, maana tulimsikia Kimeli nyuma yake, sauti ndogo kama ya mtu aliyeitwa ofisini. "Linah, ulijua?"

"Miaka hii yote nangoja useme."

"Na baba?"

"Baba ndiye alinionyesha."

Nyambu wa Voi alipiga kelele ambayo nina hakika ilifika bila redio. Kericho iliingia, na mtu mwingine tusiyemjua, wote wakiongea pamoja mpaka spika ya Bramwel ikatoa ule mlio wa makanisani. Pauline alikuwa ameshika mdomo. Nilimwomba kwa upole aandike kwenye daftari lake la katibu, pamoja na saa, na aliandika. Nekesa alisimama mlangoni na mwiko, akamtazama mumewe kana kwamba ameletwa leo.

Kimeli aliporudi sauti ilikuwa ya mtu aliyelia au aliyecheka, sikuweza kutofautisha. Alisema ni kweli, wasikilizaji, mimi ndiye, na Bramwel alinibebea. Alisema angetangaza ukweli siku ile ile kama angekuwa na ujasiri, lakini mzee alikuwa anatisha, na baadaye uongo ulikuwa mtamu, na rafiki yake hakuwa na mdomo wa kumzuia. Akasema amekosa. Bramwel alimwacha aseme yote. Kisha wakahama, kama wanaume wanavyohama, wakazungumza juu ya magoti, juu ya mahindi ambayo hayajakauka, juu ya benchi lao la kiwandani na nani alilichoma. Nilikuwa nimevaa kilemba changu cha sherehe kusikiliza habari za viatu vya mvua vya Kimeli vinavyovuja.

Saa sita kasoro dakika chache Kimeli alisema mafundi wamemaliza chai na mmoja yuko juu.

"Kimeli, kabla hujaenda," Bramwel alisema. "Ile suruali yangu. Uko nayo?"

"Suruali gani?"

"Nyeusi. Ile umecheza nayo. Nilirudi Webuye na yako yenye sukari, nikaifua, nikairudisha. Yangu sijaona mpaka leo."

"Ah, Bramwel, hiyo suruali," Kimeli alisema, "nitakwambia ukweli, hiyo suruali..."

Redio ikajaa mvumo kama mvua kwenye bati. Bramwel aliita mara nne. Hakukuwa na mtu Kitale. Pauline alisema ni mafundi, wameshusha mlingoti. Bramwel alizima, akaweka kipaza sauti chini taratibu, akasema anamjua Kimeli tangu akiwa kijana, na kwamba yeye ndiye aliyemwashiria yule wa juu akate.